Kanyagio la kompyuta: nilikopata vipuri na nilikopata maelezo yake

Kazi yangu ni kunukuu mahojiano. Watafiti wananitumia sauti walizorekodi vijijini na maofisini, nami naziandika neno kwa neno, pamoja na kila "yaani" na kila kikohozi. Anayefanya kazi hii anajua adha yake. Mikono yote miwili iko kwenye kibodi, masikio yamezibwa na hedifoni, halafu kila baada ya sekunde chache inabidi usimamishe sauti, urudi nyuma kidogo, uisikilize tena. Kila mara kidole kinaacha mstari wake kwenda kubonyeza Esc au F1, kikirudi kinakosea nafasi. Baada ya miaka minne ya mtindo huo, bega langu la kushoto lilianza kuuma hata nikiwa nimelala.

Dawa yake inajulikana. Wanukuzi wa nje hutumia kanyagio la mguu, kama fundi cherehani: ukikanyaga sauti inaenda, ukiachia inasimama. Yapo ya kununua, Olympus walitengeneza, Infinity nao wanalo, lakini nilipojumlisha bei, usafiri mpaka Dar es Salaam na ushuru, jumla ilizidi malipo yangu ya wiki mbili. Nikaamua kutengeneza la kwangu. Kulehemu nilifundishwa na kaka yangu aliyekuwa fundi redio Morogoro, na kutumia testa naweza. Zaidi ya hapo sikuwa na elimu ya umeme.

Sasa ninalo. Liko chini ya meza ninapoandika haya, na wenzangu watatu wanalo pia. Ninachotaka kueleza ni mahali nilipopata vitu, nani alinisaidia kweli, na wapi pesa yangu ilipotea, kwa sababu nimeulizwa mara nyingi na ninajua wapo wanaotaka kutengeneza kibodi zao, vibonyezo vya studio za redio, au swichi kubwa kwa mgonjwa asiyeweza kutumia vidole. Wote watapita njia ileile niliyopita.

Nianze na Kariakoo. Nilishuka mwendokasi Msimbazi asubuhi, nikaingia duka la kwanza lenye vioo vilivyojaa bodi, sensa na mota ndogo. Nikamweleza kijana aliyekuwa kaunta: nataka kitu ambacho nikikichomeka kwenye USB, kompyuta ikione kama kibodi.

"Dada, chukua Arduino Uno, hii inafanya kila kitu," akanijibu.

Hiyo ni bodi ndogo unayoiandikia programu. Nikamuuliza mara ya pili, je, kompyuta itaiona kama kibodi? Akasema itaiona. Nikalipa shilingi 38,000.

Nyumbani kompyuta haikuiona hivyo. Iliona mlango wa mawasiliano tu, ule wa kutumiana herufi moja moja, na hakuna programu niliyoandika iliyobadilisha hilo. Usiku huo nikaigeuza bodi, nikamulika kwa tochi ya simu karibu na tundu la USB. Palikuwa na chipu ndogo yenye maandishi CH340G. Hapo ndipo jibu lilipokuwa. Chipu hiyo hutengenezwa na kampuni ya WCH ya Nanjing, China, na kazi yake ni moja: kugeuza USB kuwa mawasiliano ya mfululizo. Ikichomekwa inajitambulisha hivyo, na programu ya kwenye chipu kubwa ya pembeni haina uwezo wa kuibadilisha. Uno ya asili, toleo la R3, ina chipu ya ATmega16U2 mahali hapo, na hiyo inaweza kuandikwa upya ikawa kibodi. Kwa nje bodi hizo mbili zinafanana kama mapacha.

Nilirudi dukani kesho yake. Nikaonyeshwa maandishi chini ya risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Duka silitaji jina, kwani nimekuta hali hiyohiyo katika maduka mengine mawili. Malalamiko yangu ni haya. Yule kijana hakuwa mwongo. Hakujua, na hakuwa na pa kuangalia. Bodi ilikuja kwenye mfuko wa plastiki usio na karatasi hata moja, haina namba ya toleo, haina jina la aliyeitengeneza. Tangu siku hiyo kitu cha kwanza ninachouliza dukani ni, "Kaka, naomba nisome namba iliyoandikwa kwenye chipu." Muuzaji akikubali nipige picha, nikatafuta datashiti, yaani maelezo ya kiufundi ya mtengenezaji, palepale kwenye simu kabla sijatoa pesa, basi huyo nitarudi kwake. Yupo mmoja wa namna hiyo. Ana kaduka kadogo juu ghorofani, hana bidhaa nyingi, lakini kila sanduku lake limeandikwa namba kamili kwa kalamu ya wino mzito, na alinivutia kiti nikasoma kwa dakika ishirini bila kunihimiza. Kwake bei iko juu kwa elfu mbili tatu hivi. Ninazilipa kwa moyo mweupe.

Kwake nilinunua Pro Micro, bodi ndogo yenye ATmega32U4. Chipu hii ina USB ndani yake yenyewe, kwa hiyo inaweza kuwa kibodi, kipanya, chochote. Ilifanya kazi siku ileile na nilifurahi sana. Udhaifu wake ni tundu la USB ndogo lililolehemiwa juu juu tu; kifaa cha mguuni kinavutwavutwa kebo kila siku, na baada ya siku tisa tundu liling'oka likaondoka na njia zake za shaba. Kama kifaa chako kitakaa mezani bila kusogezwa, Pro Micro inafaa. Kwa mguuni hapana.

Basi nikahamia Raspberry Pi Pico, na hapa ndipo ninapotaka kukaa, kwa sababu hii ndiyo bidhaa iliyonifanya nielewe ninachokifanya.

Pico ilitoka Januari 2021 kwa bei ya dola 4. Hapa nililipa shilingi 24,000. Ni bodi ya milimita 51 kwa 21, ina pini 40, na moyo wake ni chipu ya RP2040 waliyoibuni wenyewe Raspberry Pi. Kwa kanyagio nguvu yake ni nyingi kupita kiasi, hilo nakubali: viini viwili vya megahezi 133 kwa ajili ya swichi mbili. Lakini mimi sikuinunua kwa ajili ya nguvu. Niliinunua kwa sababu ya vitabu vyake.

Vipo vinne vikuu, vyote bure, vyote PDF. Kimoja ni cha kuanzia. Kimoja ni datashiti ya bodi yenyewe, chenye michoro na vipimo vyote. Cha tatu ni datashiti ya chipu, kurasa zaidi ya 600. Cha nne ndicho ninachokipenda kuliko vyote, kinaitwa Hardware design with RP2040. Kinachukua bodi ndogo kabisa inayoweza kufanya kazi na kukueleza kila kipande kilichowekwa na sababu ya kuwekwa kwake. Kwa nini kuna rezista za ohmu 27 kwenye nyaya mbili za USB. Kwa nini kristali ya megahezi 12, ile inayoipa chipu mapigo, imewekewa kapasita za pikofaradi 15: hesabu imeandikwa pale, mbili zikiwa mfululizo zinakuwa 7.5, ukiongeza takriban 3 za njia za bodi unapata 10.5, na kristali yenyewe inataka 10. Nilisoma ukurasa ule mara tatu nikiwa na kalamu. Ilikuwa mara ya kwanza mtengenezaji kunieleza hesabu yake badala ya kunipa jibu tu. Na faili za mchoro wa bodi hiyo wanazitoa kwa KiCad, programu ya bure ya kuchora bodi, unafungua na kubadilisha utakavyo.

Kitu kingine kilichonifanya niwaamini ni makosa yao. Mwishoni mwa datashiti ya chipu kuna orodha ya kasoro, kila moja na namba yake. E5 inasema kwamba matoleo ya mwanzo ya chipu yangeweza kukwama wakati wa kujitambulisha kwenye USB yenye shughuli nyingi, na kwamba toleo la B2 limerekebisha. E11 inakiri kwamba sehemu ya kupima volti ina mapengo katika viwango vinne vya vipimo vyake. Wameeleza kasoro, wameeleza nani zinamgusa, na wameeleza njia ya kuzikwepa pale inapokuwepo. Muuzaji anayekuonyesha tobo la shuka kabla hujalipia ni mtu wa kununua kwake.

Kwa upande wa programu nilitumia CircuitPython, lugha ya kuandikia programu za bodi ndogo, ya Adafruit, kampuni ya New York iliyoanzishwa na Limor Fried mwaka 2005. Unashikilia kitufe cha BOOTSEL huku unachomeka kebo, Pico inatokea kama flashi yenye jina RPI-RP2, unadondosha faili moja ndani, basi. Baada ya hapo inatokea kama flashi nyingine, unaandika mistari yako kwenye faili la code.py. Maktaba ya kuifanya iwe kibodi ipo tayari. Programu yangu nzima ina mistari 31.

Lakini hata na maktaba, ninashauri usome maelezo ya USB yenyewe, sehemu inayoitwa HID, inayohusu vifaa kama kibodi na kipanya, toleo 1.11 la mwaka 2001. Yapo bure kwenye tovuti ya USB. Ni lugha ngumu, na mimi niliyezoea kusikiliza lafudhi za kila mkoa nilihitaji subira, ila ukishaipata shabaha yake ni kitu chepesi. Kifaa kikichomekwa kompyuta inauliza, wewe ni nani na unasema nini? Kifaa kinajibu kwa orodha. Kibodi ya kawaida kabisa inasema: kila nikizungumza nitatuma baiti 8, ya kwanza ni ya Shift na ndugu zake, ya pili haitumiki, sita zilizobaki ni vitufe vilivyobonyezwa. Kila kitufe kina namba yake katika jedwali linalotolewa kando. Esc ni 41. F1 ni 58. F2 ni 59. Nilipoziona namba zile nikajua kanyagio langu lote ni namba 41 na 58 tu, kwa sababu programu ninayotumia kunukuu, oTranscribe, inacheza na kusimamisha kwa Esc, na inarudi nyuma kwa F1.

Kabla sijafika mbali, kebo. Pico yangu ya kwanza ilikataa kuonekana kabisa na nilikaribia kuitupa. Kebo niliyokuwa nayo, ya shilingi 3,000 kutoka kwa machinga, ilikuwa na nyaya mbili tu ndani, za kuchajia. Nyaya za data hazikuwemo. Kebo za hivyo zimejaa mjini na hakuna alama ya kuzitofautisha. Njia ya kujua ni rahisi: ichomeke na simu kwenye kompyuta, simu isipouliza kama unataka kuhamisha faili, hiyo kebo ni ya chaji tu. Ninazo tatu sasa ambazo nimezifunga utepe mwekundu zisichanganyike.

Mwili wa kanyagio ulikuwa sehemu rahisi na ya bei nafuu, na hapa Kariakoo inastahili sifa zote. Maduka ya vipuri vya vyerehani yana pedeli za umeme za cherehani kwa shilingi 18,000. Plastiki ngumu, springi nzuri, mpira chini usioteleza. Nilinunua mbili, nikafungua skrubu nne, nikatoa kila kitu cha umeme kilichokuwa ndani pamoja na waya wake wa ukutani. Pedeli hizo zimetengenezwa kwa umeme wa volti 220 na zaidi. Usibakize hata waya mmoja wa zamani, asije mtu mwingine nyumbani akauchomeka ukutani huku upande wa pili uko kwenye kompyuta yako.

Kilichobaki ni swichi ya kuweka ndani, na swichi ndiyo iliyonipeleka Tandika.

Kuna mzee mmoja pale anatengeneza maikrowevu, pasi na feni. Nilipelekwa na jirani. Nilipomwonyesha pedeli tupu aliicheka kwa furaha, akainama chini ya benchi, akavuta boksi la karatasi lililojaa swichi ndogo nyeusi zenye ulimi wa chuma. "Hizi ni za mlango wa maikrowevu, mwanangu. Kila maikrowevu inayokufa naitoa hizi, hazifi." Nikabonyeza moja: klik. Sauti safi, mguso mzuri. Ubavuni imeandikwa 16A 250V na namba yake kamili. Pini tatu: ya pamoja, ya kawaida wazi, ya kawaida imefungwa. Akaniuzia nne kwa elfu moja moja, akanilehemia nyaya kwa mkono usiotetemeka, hakutaka pesa ya kazi.

Nikaunganisha: pini moja ya swichi kwenye ardhi ya Pico, nyingine kwenye mguu wa kuingizia, na ndani ya chipu nikawasha rezista ya kuvuta juu, inayoushikilia mguu huo kwenye volti ya juu mpaka swichi iuunganishe na ardhi. Mtindo ambao kila somo la mtandaoni linafundisha. Nikaandika kwamba nikikanyaga itume Esc, nikiachia itume Esc tena. Mara ya kwanza swichi ilidunda: vyuma viwili vikigusana huruka kama mpira sakafuni kwa milisekunde kadhaa, na kompyuta ikaona mikanyago mitatu badala ya mmoja. Kwa hilo CircuitPython ina moduli yake inayosoma kila milisekunde 20, tatizo likaisha.

Wiki tatu za raha. Bega lilipumzika. Kisha siku moja kanyagio likageuka: nikikanyaga sauti inasimama, nikiachia inaenda. Nikaanza upya, likakaa sawa nusu saa, likageuka tena. Maana yake mkanyago mmoja ulikuwa unapotea njiani, hivyo hesabu ya kwenda na kusimama inapishana. Nikalaumu programu siku mbili nzima. Nikabadilisha kebo. Nikabadilisha Pico.

Nikarudi kwa mzee. Alichukua bisibisi nyembamba, akalibandua ganda la swichi taratibu, akaniwekea kioo cha kukuzia. Kwenye ncha ya mguso, pale chuma cha fedha kinapokutana na mwenzake, kulikuwa na utando mweusi, mwembamba kama masizi ya kibatari juu ya kioo. Mzee akaupangusa kwa karatasi, akaugusisha testa, ikalia. "Lakini hii kwenye maikrowevu haifanyi hivi," akasema. "Kwenye maikrowevu inakaa miaka kumi." Alikuwa amechukizwa kabisa, kana kwamba swichi zake zimemwaibisha.

Nikatafuta namba ile ya ubavuni. Datashiti ilikuwa ya kurasa sita, na jibu lilikuwa katika mstari ambao ningeupita bila kuuona: kiwango cha chini cha mkondo. Mimi nilidhani swichi ina kikomo cha juu tu, kwamba ya ampia 16 inaweza kubeba chochote kilicho chini yake. Sivyo. Swichi ya umeme mkubwa ina mguso wa fedha, na fedha hufanya utando. Kwenye maikrowevu kila mlango unapofungwa mkondo mzito unauchoma utando huo na kuusafisha. Kwangu mimi, rezista ya ndani ya RP2040 ni kati ya kilo-ohmu 50 na 80, tena hilo liko kwenye kitabu chao. Gawanya volti 3.3 kwa hizo unapata mikroampia 41 hadi 66. Huo ni mkondo mdogo mno, mamia ya mara chini ya kile swichi ile ilichohitaji ili ijisafishe. Swichi haikuwa mbovu, na wala mzee hakuniuzia kitu kibovu. Ilikuwa swichi nzuri iliyopelekwa kwenye kazi isiyo yake.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu hakuna somo hata moja nililosoma lililolitaja, na kila ninayemsimulia anakumbuka kibonyezo chake kilichokufa bila sababu.

Tiba ina sehemu mbili. Ya kwanza ni rezista ya nje ya kilo-ohmu 1 badala ya ile ya ndani, mkondo unapanda hadi miliampia 3.3. Rezista hizo ni shilingi 100 moja popote. Ya pili ni swichi ya mkondo mdogo, yenye mguso wa aloi ya dhahabu isiyofanya utando. Omron wanatengeneza familia ya SS: SS-5 ni ya ampia 5, na SS-01 ni dada yake wa ampia 0.1 kwa kazi ndogo kama hii. Kwa umbo ni zilezile. Ukiwa dukani bila namba huwezi kujua umeshika ipi.

SS-01 sikuipata Dar. Nilizunguka siku nzima. Shemeji yangu alinitafutia Nairobi, Mtaa wa Luthuli, maduka mengi kuliko yetu, naye akaambulia SS-5 tu. Ikabidi niagize nje.

Kwa kutafuta, bila kununua, hakuna kinachoshinda tovuti za Digi-Key na Mouser, zote za Marekani. Unachagua swichi, unaweka vichujio: aina ya mguso, mkondo, urefu wa ulimi, nguvu ya kubonyeza. Kati ya maelfu zinabaki tano, na pembeni ya kila moja kuna datashiti. Mimi nazitumia kama maktaba hata nikiwa sina senti. LCSC ya Shenzhen nayo ina orodha kubwa na bei za chini, ila baadhi ya datashiti zake ni za Kichina kitupu, hapo nategemea michoro na namba. SparkFun, waliobuni Pro Micro ya asili, nitawataja kwa jambo moja: kwa bodi zao wanaweka mchoro kamili wa saketi hadharani, na mchoro wa Pro Micro ulinisaidia kuelewa hata ile nakala niliyonunua.

Kuagiza kwenyewe kuliniumiza. Swichi kumi zilikuwa nafuu. Usafiri ulikuwa mara tatu ya bei ya swichi. Mzigo ulipofika nchini ulikaa siku kumi na moja kwa msafirishaji, na nilipigiwa simu mara mbili kuulizwa "hivi ni vitu gani," kwa sababu kwenye karatasi paliandikwa namba na herufi tu. Mara ya pili niliagiza kwa maelezo ya wazi, swichi ndogo za kompyuta, vipande ishirini, nikawatumia mapema risiti na picha. Ukafika kwa siku tano. Ukiagiza, jikusanyeni. Sisi tulikuwa wanne na usafiri ukagawanyika.

Kwa ajili ya wenzangu nilichora bodi ndogo kwenye KiCad. Pico ina matundu yaliyokatwa nusu pembeni, kwa hiyo unaweza kuilehemu ikalala juu ya bodi yako kama kigae, huhitaji kushughulika na chipu yenyewe ambayo miguu yake haionekani kwa macho ya kawaida. Bodi yangu ina Pico, rezista mbili, na soketi mbili za hedifoni za kuchomekea pedeli, basi. Kabla ya kutuma China kuchapwa nilichapisha mchoro kwenye karatasi ya A4 kwa kipimo halisi, nikaubandika kwenye kipande cha boksi, nikatoboa kwa sindano, nikajaribu kuingiza kila kipuri. Soketi hazikuingia. Mchoro niliopakua bure ulikuwa wa soketi nyingine yenye jina linalokaribiana. Steshenari walinitoza shilingi 200 kwa karatasi hiyo, nayo iliokoa bodi tano.

Kuhusu namba ya utambulisho wa USB, ile ambayo kifaa hujitaja kwayo kikichomekwa, kwa wanaotaka kugawa au kuuza: kununua namba ya kampuni kutoka shirika la USB ni dola 6,000. Raspberry Pi wanagawa bure namba chini ya utambulisho wao kwa bidhaa zinazotumia chipu yao, na pid.codes wanafanya hivyo kwa miradi ya wazi. Usichukue tu namba ya mtu.

Upungufu mmoja unaniuma kama mtu wa lugha. Vitabu hivi vyote ni Kiingereza au Kichina. Mzee wa Tandika ana mikono bora kuliko yangu na amefanya kazi hii tangu kabla sijazaliwa, lakini ule mstari wa kiwango cha chini cha mkondo hakuwahi kuuona kwa sababu haukuandikwa kwa lugha anayoisoma. Nimeanza kuandika kurasa nne za Kiswahili: rezista ya kuvuta juu, mdundo wa swichi, kiwango cha chini cha mkondo, namna ya kusoma namba ya chipu. Nilimsomea rasimu kwenye benchi lake. Alininyamazisha kwenye neno moja, nilikuwa nimeandika "mguso", akasema mafundi wanaita "pointi". Nimebadilisha.

Bodi nne ziko kazini, moja Mwanza, moja Dodoma, mbili hapa Dar. Ya tano iko mezani, Pico imeshalehemiwa, soketi bado. Ni ya mzee. Anataka kuifunga kwenye benchi lake, aweze kufungua video za matengenezo na kuzisimamisha kwa mguu huku mikono yote iko kwenye kazi.